Laptopu yenye mistari: dai dhamana kabla hujaichoma

Mteja aliiweka laptopu mezani, akabonyeza kitufe. Taa ikawaka, feni ikazunguka, kioo kikabaki cheusi tii. "Fundi, juzi ilichomwa ikaamka vizuri kabisa. Leo imegoma tena." Kuchoma ndiko kuipulizia chipu hewa ya moto ili iamke. Nikaigeuza. Skrubu mbili hazipo, plastiki ya karibu na feni imejikunja kwa moto, na pembeni mwa chipu ya grafiki, ile inayotengeneza picha ya kwenye kioo, pana flaksi (dawa ya kusaidia lehemu ishike) iliyokauka ikawa nyeusi. Nikaomba risiti. Mashine ina miezi 11, dhamana yake ni ya miezi 12.

Sikuwa na la kumwambia. Kituo cha huduma kikiifungua bodi ya namna ile kinaifunga palepale, na kusema kweli hata mimi ningekuwa upande wao ningeikataa.

Watu huambiwa chipu "imeungua" na wanaamini. Mara nyingi haijaungua. Ndani yake kuna kipande cha silikoni kama ukucha, kimekaa juu ya kibao chembamba. Silikoni na kibao vimeshikanishwa kwa mamia ya vinundu vya lehemu visivyoonekana bila hadubini, na katikati imejazwa gundi ya kuvikinga. Kibao nacho kimeshikanishwa na bodi kwa vipira vya lehemu vikubwa zaidi. Vinundu juu, vipira chini. Usivichanganye, kwa sababu wanaochoma chipu huvichanganya kila siku.

Ukiwasha mashine kila kitu kinapata joto na kutanuka, ila havitanuki sawa. Silikoni hutanuka kama sehemu 3 katika milioni kwa kila nyuzi ya Selsiasi, kibao karibu mara tano ya hapo. Chukua silikoni ya upana wa milimita 10, ipandishe kutoka nyuzi 30 hadi 90: yenyewe imeongezeka chini ya maikromita 2, kibao kilicho chini yake karibu 9. Tofauti hiyo ni kama sehemu moja ya kumi ya unene wa unywele, na wanaoibeba ni vinundu, hasa vya pembeni. Ukizima vinarudi. Kesho tena. Umewahi kukata waya kwa kuukunja huku na huku? Ni kazi hiyohiyo: mwisho vinundu vinapata ufa, na kioo kinatoa mistari au kinabaki cheusi.

Kwa hiyo chipu inayopanda hadi 90 na kushuka mara sita kwa siku inaweza kufa kabla ya ile inayokaa 80 kutwa nzima. Vumbi kwenye feni na pesti iliyokauka (ile ya kupitisha joto kutoka kwenye chipu) haviui kwa siku moja. Vinaongeza tu urefu wa ngazi ambayo chipu inapanda na kushuka.

Kama unadhani nazungumzia laptopu za bei poa, hapana. Julai 2008 Nvidia, kampuni ya chipu za grafiki, ilitangaza kutenga dola milioni 150 hadi 200 kwa ajili ya dhamana na matengenezo ya chipu zake za laptopu, ikitaja udhaifu wa malighafi iliyotumika kuzifungia. Dell na HP wakatoa masasisho ya BIOS (programu ya msingi inayoamka kabla ya Windows) ya kuifanya feni izunguke zaidi, wakaongeza na muda wa dhamana kwa modeli zilizoguswa. (Feni kuzunguka zaidi kunachelewesha ufa. Ufa uliokwisha kuanza hakuuzibi.) Oktoba mwaka huohuo Apple ikakiri kwamba baadhi ya MacBook Pro zenye chipu ya Nvidia iitwayo GeForce 8600M GT zina tatizo hilo, ikakubali kuzitengeneza bure hata kama dhamana ya kawaida imekwisha. Kisha Februari 2015 ikafungua mpango mwingine, safari hii kwa MacBook Pro zilizouzwa kati ya Februari 2011 na Desemba 2013, na waliokwisha kulipia matengenezo kwa fedha zao wakaweza kudai kurudishiwa. Walioitupa risiti ya fundi walijuta.

Ndiyo sababu mtu akiniambia "dhamana imeisha" humwuliza kwanza modeli kamili, tukaangalie kwenye tovuti ya mtengenezaji kama kuna mpango wa matengenezo uliofunguliwa kwa tatizo hilo. Mipango hii haitangazwi kwa vigelegele.

Turudi kwenye kuchoma. Inakuwaje mashine iamke? Lehemu isiyo na madini ya risasi ya vile vipira vya chini huyeyuka kwenye nyuzi 217. Lakini vinundu vya juu, katika chipu za Nvidia zilizosumbua mwaka 2008, vilikuwa vya risasi nyingi, na lehemu ya aina hiyo huyeyuka karibu na nyuzi 310. Fundi anayepuliza hewa ya nyuzi 220 hajayeyusha kinundu hata kimoja. Amelainisha gundi, silikoni imesogea kidogo, ncha zilizoachana zimegusana. Picha inarudi, mteja analipa, wiki tatu baadaye anarudi. Kuondoa vipira vyote na kupanga vipya, kazi ngumu inayotoza fedha nyingi, nako kunagusa tabaka la chini tu. Ikiwa ufa uko juu, dawa ni chipu mpya au bodi mpya. Na yule anayeweka bodi kwenye oveni ya jikoni, ale wapi tena baada ya hapo?

Kabla hujadai, hakikisha unadai kitu sahihi. Unganisha skrini ya nje. Kama ya nje ni safi na ya laptopu ina mistari, shuku kioo au waya wake. Zikiwa na mistari zote mbili, shuku chipu. Kisha iwashe upya uingie kwenye ukurasa wa BIOS, kabla Windows haijaanza. Mistari ikiwapo hata hapo, draiva (programu ya Windows inayoiendesha chipu) haihusiki, na yeyote atakayekwambia "tupige Windows upya" anakupotezea siku.

Hapa kwenye madai ndipo wengi wanaposhindwa, nami niliwahi kushindwa. Laptopu yangu mwenyewe, miaka hiyo, nilipojaza fomu niliandika "inapata joto sana na kuzima". Wakapuliza vumbi, wakabadilisha pesti, wakairudisha na karatasi iliyoandikwa "hakuna tatizo". Waliiwasha ikiwa baridi, na ikiwa baridi ilikuwa nzima! Joto kwenye fomu linasomeka kama usafi, na usafi mara nyingi huhesabiwa kuwa jukumu la mwenye mashine. Mara ya pili niliandika hivi: "Mistari ya wima ya kijani kwenye skrini ya ndani na ya nje, inaonekana pia kwenye BIOS, huanza takriban dakika 20 baada ya kuwasha, video imeambatanishwa." Safari hiyo walibadilisha bodi.

Video ni muhimu kuliko maneno. Piga ukiwa umeshika simu moja kwa moja bila kukata: anza na stika ya namba ya mashine chini ya laptopu, igeuze, onyesha mistari, onyesha skrini ya nje. Dakika moja inatosha. Itume leo, hata kama mashine utaipeleka wiki ijayo, ili barua pepe yenye tarehe ithibitishe kwamba ulilalamika ndani ya muda. Mistari inayokuja na kuondoka ina tabia ya kujificha mbele ya mpokezi wa kituo.

Mengine ni ya haraka. Hifadhi mafaili yako kwingine kwanza, maana wengi hufuta diski bila kukuuliza. Usiifungue. Na kama mtengenezaji anakuzungusha, mgeukie muuzaji: katika nchi za Umoja wa Ulaya, kwa mfano, sheria inambana muuzaji kwa angalau miaka 2, hata kama karatasi ya mtengenezaji inasema mmoja.

Bodi yangu ile iliyobadilishwa? Ilidumu miezi saba. Waliniwekea bodi iliyokarabatiwa yenye chipu ya toleo lilelile, na mimi sikuuliza. Siku hizi nauliza kwa maandishi: bodi ni mpya au imekarabatiwa, chipu ni ya toleo lililorekebishwa au la zamani, na sehemu iliyobadilishwa ina dhamana ya siku ngapi. Hawajibu kila mara. Wakijibu, weka jibu hilo pamoja na risiti.

Yule mteja wa miezi 11 nilimtolea diski, mafaili yake yote yapo salama. Bodi aliniachia. Ipo kabatini pamoja na wenzake kumi na kitu, karibu wote wana flaksi nyeusi pembeni mwa chipu.