Si kila vumbi lipitalo majini hulowa

"Mwanangu, vumbi likishaingia majini litatokaje tena?"

Swali hilo niliulizwa wiki iliyopita na mzee mmoja mwenye karakana ya samani huku Ngamiani, Tanga. Alikuwa ananionyesha mtambo wa kunasa vumbi aliojitengenezea. Bomba kutoka kwenye mashine ya msasa lilizama kwenye pipa la maji hadi karibu na kitako, na juu ya pipa feni ilikuwa inavuta. Maji yalitokota kama chungu cha maharage, na mzee alikuwa ameridhika kabisa.

"Mzee wangu, tuzime taa kwanza," nikamwambia. Tukafunga mlango na madirisha, kijana wake akaendelea kupiga msasa ubao wa mtiki, nami nikamulika kurunzi mbele ya mdomo wa feni. Mwanga ukasimama hewani kama nguzo nyeupe. Hilo lilikuwa vumbi, lile laini, likitoka mbele yetu baada ya kupita kwenye maji.

Swali lile lile nimelijibu Chumbageni, nimelijibu Muheza, nimelijibu kwa simu usiku. Leo naandika jibu lake, pamoja na majibu ya mengine ninayoambiwa na mafundi.

"Vumbi likipita majini limekwisha"

Halijakwisha. Hewa inayotoka kwenye bomba lililozama haichanganyiki na maji, inakatika vipande vipande na kuwa viputo. Kila kiputo ni chumba chenye ukuta wa maji, na ndani yake kuna hewa ile ile na vumbi lile lile. Kiputo kinapanda sentimita 20 kwa muda usiofika sekunde moja. Chembe laini iliyo katikati yake haina sababu ya kwenda kugusa ukuta, na haina muda. Kiputo kikifika juu kinapasuka, na chembe inaendelea na safari yake kuelekea kwenye feni ikiwa kavu kama ilivyoingia.

Wazee wa pwani wanaijua buruma, kiko cha maji. Moshi wake unapita majini, unagugumia, halafu unamfikia mvutaji ukiwa moshi bado. Kama kupita majini kungetosha, angevuta nini? Na moshi ni chembe laini tu, binamu wa vumbi la msasa.

Maji hunasa chembe kwa namna nyingine. Fikiria daladala iliyojaa inayoingia kona kwa kasi: waliosimama wanatupwa upande kwa sababu miili yao inataka kuendelea mbele. Chembe nzito iko hivyo hivyo. Hewa ikilazimishwa kupinda ghafla, chembe inashindwa kupinda nayo, inagonga maji, inabaki huko. Chembe laini ya mikroni moja au mbili (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) ni nyepesi mno, inapinda pamoja na hewa na kulizunguka tone la maji bila kuligusa. Ili uipate na hiyo unahitaji mwendo mkali na matone mengi madogo. Kina cha maji hakikusaidii kitu.

Tena kina kinakuibia. Kila sentimita moja ya bomba iliyozama inaidai feni paskali 98 (paskali ni kipimo cha nguvu ya mvuto wa hewa) kabla hewa haijaanza kutoka. Zamisha sentimita 15, umelipa paskali 1,470. Feni nyingi za karakana ndogo zinafikia kati ya paskali 1,500 na 2,500, na hapo ni pale bomba limezibwa kabisa na hewa haitembei. Sasa ukishalipia maji, mpira wa kuvutia, elbo na kofia ya mashine vitalipiwa na nini? Mvuto kwenye msasa unakuwa hafifu, vumbi linabaki kuelea karakanani, na anayelivuta ni yule kijana anayejifunza kazi. Hili ndilo linaloniuma. Mwenye karakana ametoa pesa yake kwa nia njema, na kijana wake yuko hali mbaya kuliko kabla ya pipa kuletwa, kwa sababu siku hizi hata barakoa ameivua. Ameambiwa kuna mtambo.

Ninavyofanya mimi kwa bomba la milimita 150 ni hivi. Natengeneza tangi la bati lenye upana wa sentimita 60 na urefu wa 90, nalikata kwa ukuta wa ndani usiofika chini: upande wa kuingilia hewa sentimita 30, upande wa kutokea 60. Chini ya ukuta huo naacha mwanya wa sentimita 3 kati ya ukingo wa bati na uso wa maji, kwa upana wote wa tangi. Bomba hilo likipitisha hewa kwa mita 20 kwa sekunde, na kwenye mwanya hewa inapita karibu kwa mwendo huo huo. Hapo hewa inayararua maji, inayapandisha kama pazia la matone, na bati lililopindwa mfano wa herufi S linalilazimisha pazia hilo pamoja na vumbi kugeuka mara mbili. Upande mpana wa pili hewa inapungua hadi mita 1 hivi kwa sekunde, matone yanarudi chini, na juu naweka mabati ya kukinga yale machache yaliyobaki. Feni inakaa mwisho, upande safi.

Wengi hujaribu haya kwenye ndoo ya lita 20. Ndoo ina kipenyo cha sentimita 30 hivi, kwa hiyo hewa ile ile inapanda humo kwa mita 5 kwa sekunde na kubeba maji yote hadi kwenye feni na mota. Usifanye.

Jambo moja kwenye mwanya: usiupime feni ikiwa imezimwa. Feni ikianza kuvuta, maji hupanda upande wa kutokea na kushuka upande wa kuingilia. Ulichokiweka sentimita 3 asubuhi kwa utulivu sicho kitakachokuwepo mashine zikiwaka. Toboa tundu, weka kioo kidogo pembeni, rekebisha maji huku feni inazunguka.

Na kila ninayemtengenezea namwachia kipimo. Chukua ule mpira mweupe wa maji ambao waashi wanapimia levo, ukunje mfano wa herufi U juu ya kipande cha ubao, jaza maji nusu, tia rangi kidogo. Ncha moja ingize kwenye tundu la bomba karibu na feni, nyingine iache wazi. Tofauti ya urefu wa maji kwa sentimita, zidisha kwa 98, hizo ndizo paskali zako. Andika namba ya siku ya kwanza ukutani kwa makaa. Siku namba ikibadilika, kuna kitu kimeziba au maji yamepungua, na utajua kabla mapafu hayajajua. Mafundi wananiambia hawana haja nacho. Wanayo haja. Mtambo usiopimwa ni pipa la maji tu.

"Weka mota kubwa zaidi"

Kwanza angalia bomba. Bomba la milimita 100, kwa mwendo wa mita 20 kwa sekunde ambao vumbi la mbao linahitaji ili lisitue njiani, linapitisha mita za ujazo 565 hivi kwa saa. La milimita 150 kwa mwendo ule ule linapitisha 1,270. Ukiacha bomba jembamba na kubadilisha puli ili feni ikimbie zaidi kwa asilimia 20, mota itadaiwa nguvu zaidi kwa asilimia 73. Nimeona mota zilizoungua kwa njia hiyo.

Pia, kama unatumia umeme wa njia tatu, hakikisha feni inazunguka upande wake. Feni ya aina hii ikizunguka kinyume bado inavuta, ila kwa unyonge, na mtu anaweza kukaa nayo mwaka mzima akilaumu maji.

"Maji yanazima kila kitu, kwa hiyo mtambo mmoja unafaa kwa mashine zote"

Hapa sitaki mjadala. Maji yanazima cheche za grainda ya chuma, ni kweli, na hiyo ni sababu nzuri ya kuyatumia. Lakini mafundi wa madirisha wameanza kunitaka niunganishe na grainda zao za alumini. Unga laini wa alumini ukikaa majini unatoa haidrojeni, gesi inayoshika moto kwa urahisi sana. Tangi lililofungwa usiku kucha na tope la alumini ndani yake linaweza kulipuka asubuhi unapowasha feni. Tangi la alumini liwe la alumini peke yake, liwe na tundu la kupumulia juu hata mashine zikiwa zimezimwa, na tope litolewe kila siku. Alumini na chuma zisichanganywe kabisa. Wala mbao na chuma zisitumie bomba moja: cheche inapita kwenye bomba kavu lenye vumbi la mbao muda mrefu kabla haijayaona maji.

"Sioni vumbi, kwa hiyo hakuna vumbi"

Unywele wa mtu una mikroni 70 hivi. Vumbi linaloshuka hadi ndani kabisa ya mapafu liko chini ya mikroni 5, huwezi kuliona likielea mchana. Unaloliona sakafuni ni lile ambalo limeshakuonea huruma. Vumbi la mvule linajulikana kwa kuleta pumu na muwasho wa ngozi. Mwaka 1995 wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani ulioko Lyon, Ufaransa, uliliweka vumbi la mbao katika kundi la kwanza, la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu, hasa saratani ya ndani ya pua. Mtambo wangu haulinasi lote. Lile la chini ya mikroni moja linapita kwa sehemu kubwa, na barakoa inabaki usoni.

"Hewa imeshaoshwa, irudishwe ndani"

Kwa sababu hiyo hiyo, hapana. Na kuna ya pili. Hewa inayotoka kwenye tangi imeshiba maji. Umenunua mtiki wa shamba la miti la Longuza, umeukausha hadi unyevu wa asilimia 12, halafu unaupulizia unyevu kutwa nzima juu ya ule wa bahari tulio nao tayari. Droo zitakataa kufunga na mteja atarudi. Toa hewa nje kwa bomba linalopanda juu ya paa, lisielekee dirisha la jirani.

Unyevu huo unatoka kwenye tangi lako. Kwa mtambo niliouelezea unapoteza lita mbili tatu kila saa. Kufika jioni maji yameshuka karibu sentimita 4, mwanya wa sentimita 3 umekuwa 7, na pazia limekufa bila mtu kujua. Weka koki ya boya, kama ya tangi la choo, ndani ya kisanduku cha pembeni kilichounganishwa na tangi chini na juu pia. Ukikiunganisha chini tu, mvuto wa feni utadanganya boya.

"Maranda nayo yaende majini"

Yanavimba, yanaziba mwanya, yanaoza. Maranda ya mashine ya randa yaangukie kwanza kwenye pipa kavu la kutulizia, na kitakachobaki ndicho kiende kwenye maji.

"Sabuni husaidia"

Kidogo sana husaidia, maana vumbi la mbao linapenda kuelea juu ya maji badala ya kulowa. Kifuniko kimoja cha sabuni ya maji kwa tangi zima. Zaidi ya hapo unatengeneza povu, na povu linapanda hadi kwenye feni. Maji ya bahari nayo, ambayo watu wa karibu na ufukwe wananiuliza kwa sababu ni ya bure, yatakula bati lako haraka sana.

"Maji hayachakai"

Yanachakaa. Baada ya siku chache yananuka, tope linapanda hadi usawa wa mwanya, na mwishoni mwa juma, feni ikiwa imelala, mbu wanataga. Culex, mbu anayeeneza matende na mabusha katika pwani yetu, hapendi maji masafi, anapenda hasa maji machafu yaliyotuama kama hayo. Kiluwiluwi hahitaji zaidi ya wiki moja na siku chache kuwa mbu kamili. Kwa hiyo kila Jumamosi fungua koki ya chini, toa tope lote, suuza kuta juu ya usawa wa maji ambako vumbi hukauka na kuganda, acha tangi kavu hadi Jumatatu. Tope lichujwe kwenye gunia na kukaushwa juani, lisimwagwe mtaroni. Na kama umepiga msasa mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa, tope hilo lisiende shambani wala jikoni kuwashia moto.

Mzee wa Ngamiani amekubali tulifungue pipa lake Jumanne. Nimemwambia feni yake tutaibakiza, ni nzuri.