Laptop inajizima ukiwa kwenye gemu: tunayoambiana mtaani na ukweli wake

Kuanzia Desemba mpaka Machi hapa Dar simu yangu haitulii, ni mdogo wangu, ni jirani, ni mtoto wa shangazi, na wote kesi yao moja: "bro nacheza GTA dakika 15 hivi laptop inazima puu, nikiwasha inawaka vizuri, nikirudi kwenye gemu inazima tena". Karibu wote wanakuja wakiwa wameshaambiwa kitu na mtu, na wengine wameshalipa. Hiyo ya kulipa ndo inaniuma, maana laptop ya mtumba mtu kaidunduliza miezi kibao, halafu anatoa elfu thelathini nyingine kwa kazi ambayo haijagusa tatizo kabisa. Mimi sina duka, nafungua za ndugu na majirani tu, ila nimefungua nyingi na maneno ninayoletewa ni yaleyale kila mwaka.

"Ikijizima hivyo ujue mazabodi inakufa"

Hapana, na hii ndo inayowatisha watu mpaka wanauza laptop nzima kwa bei ya kutupa. Kujizima ni kinga. Prosesa, yani ubongo wa laptop, ina vihisi joto ndani yake yenyewe, nyingi za Intel za laptop kikomo chake ni nyuzi 100, za AMD nyingi ni kati ya 95 na 105. Ikifika karibu na hapo haizimi kwanza, inaanza kupunguza spidi ili ipoe, na hapo ndo unaona gemu lililokuwa linateleza linaanza kukwamakwama, fremu (picha ambazo gemu linachora kila sekunde) zinaporomoka, gari linaruka ruka barabarani. Joto likiendelea kupanda hata baada ya hapo ndo inakata umeme yenyewe, haikuulizi na haisubiri Windows ifunge mafaili. Kwahiyo huo mfuatano ukae kichwani, kwanza inakwama halafu inazima, tutaurudia sasa hivi. Na sisemi uendelee kuiacha izime kila siku eti kwa sababu ni kinga, kukatika ghafla kunaharibu mafaili na joto la kila siku linaichosha betri haraka, nasema tu kwamba haijafa.

"Imezima kwenye gemu, basi ni joto"

Hapa ndo hela nyingi zinapotea, naomba uvumilie nitakaa kidogo. Kuna laptop inazima kwa joto na kuna laptop inazima kwa kukosa umeme wa kutosha, na kwa macho zinafanana kabisa.

Mwaka jana kijana wa jirani aliniletea laptop ya gemu imeshasafishwa mara mbili, imebadilishwa pesti (ule uji mzito unaopakwa kati ya prosesa na bamba la shaba la kuipoza) mara mbili, bado inazima. Nikamwambia washa gemu nikiwa nimekaa hapa. Haikukwama hata kidogo, ilikuwa inateleza vizuri tu, ghafla giza. Nikaigeuza chini nikasoma maandishi: 19.5V, 9.23A. Nikachukua chaja yake nikasoma: 19.5V, 3.33A. Zidisha mwenyewe, laptop inataka wati 180 na chaja inatoa 65. Chaja ya kwanza ilipotea akanunua nyingine "inayoingia", na ukweli inaingia, tundu ni lilelile, ukiangalia muvi au ukiandika barua hakuna shida yoyote. Ila gemu likianza kuchora vitu vizito laptop inavuta zaidi ya uwezo wa chaja, inayobaki inatakiwa itoke kwenye betri, na betri yake ilikuwa imechoka haitunzi hata dakika tano. Hakuna pa kuvuta, inazima. Pesti ungempakia ndoo nzima isingebadilika kitu.

Kwahiyo kabla hujampa mtu yeyote hela, pima. Kuna programu inaitwa HWiNFO, ni ya bure, unafungua upande wa vihisi tu, halafu kuna kitufe cha kuanza kurekodi kwenye faili. Rekodi kila baada ya sekunde mbili, ingia kwenye gemu, cheza mpaka ifanye mambo yake. Ikishazima iwashe, fungua lile faili kama unavyofungua la Excel, nenda mistari ya mwisho kabisa. Ukikuta joto la prosesa linasoma 96, 98, 99 na spidi imeshashuka, ni joto, endelea kusoma huku chini. Ukikuta linasoma 72 au 75 halafu mistari imeishia hapo, angalia chaja, betri na tundu la chaja kwanza, kama tundu limelegea ukilitikisa utaona taa inawaka na kuzima. Mara chache sana inakuwa ni sehemu za umeme pale kwenye bodi zinapata moto bila kihisi kuonyesha, hiyo mwachie fundi mwenye vifaa.

Halafu wengi wananitumia picha ya Event Viewer, lile daftari la matukio la Windows, yenye Kernel-Power 41 wakidhani hilo ndo jibu. Hiyo 41 inasema tu kwamba Windows haikufungwa vizuri mara ya mwisho, hata ukichomoa waya kwenye desktop itakuja hiyohiyo. Sababu haikupi.

"Ongeza RAM, au piga Windows upya"

RAM haipoozi kitu. Inaweza kufanya gemu liache kukwama kama ilikuwa haitoshi, ila prosesa itabaki na joto lake, pengine hata likaongezeka kwa sababu sasa haisubiri tena diski. Kupiga Windows upya kunasaidia pale tu ambapo kulikuwa na kitu kinakula prosesa kisirisiri, na hilo unalijua bila kumlipa mtu: washa laptop, usifungue chochote, kaa dakika tano, fungua Task Manager panga kwa CPU, yani prosesa. Kama haujagusa kitu na CPU iko asilimia 40 au 60, kuna kitu humo. Gemu za kukraki tunazopeana kwa flashi zinakuja mara nyingine na programu ya kuchimba sarafu za mtandaoni, inatumia laptop yako na umeme wako. Ila kama CPU iko 3 au 5, Windows yako haina kosa, usiibomoe.

"Nilishaisafisha, niliipuliza kwa bloa"

Uliipuliza kwa nje? Basi haijasafishwa. Hewa inaingia kwa chini, feni inaisukuma ipite kwenye mapezi membamba ya shaba kule pembeni itoke. Vumbi haliko kwenye matundu unayoyaona, liko ndani katikati ya feni na yale mapezi, na halikai kama unga, linajishona. Juzi nimefungua ya mdogo wangu, ni laptop ya ofisini ya mtumba, nikaondoa feni nikakuta kitu kama kipande cha blanketi la kijivu, urefu wa kidole changu cha kati, nyuzi za kanga, nywele, vumbi la barabarani, vyote vimeshikana. Nikakinyanyua kwa kibano kikatoka kizima kizima bila kukatika! Nyuma yake shaba ilikuwa safi inang'aa kwa sababu hewa haijapita hapo muda mrefu. Kabla ilikuwa inagonga 99 ndani ya dakika sita, baada ya kutoa kile kitu tu, pesti sijagusa bado, ikakaa 86.

Ukiamua kufungua mwenyewe: zima kabisa, sio kulaza, chomoa chaja, ukishatoa kifuniko chomoa waya wa betri kwenye bodi kabla ya kitu kingine. Chora umbo la laptop kwenye karatasi na uchomeke kila skrubu mahali pake, kwa sababu hazilingani urefu na ile ndefu ukiiweka sehemu ya fupi inaweza kutokea upande wa kibodi. Ukipuliza, shikilia mapanga ya feni kwa kijiti cha meno yasizunguke, bloa inaizungusha kuliko ilivyoundwa na inaua beringi. Na usipulize kwa mdomo, unapeleka mate.

"Pesti ikikauka paka dawa ya meno" na "weka nyingi ndo inapoa"

Dawa ya meno ina maji. Siku mbili tatu utaona imepoa kweli, na hapo ndo watu wanaanza kuisifia, halafu maji yanakauka linabaki gamba na joto linakuwa baya kuliko mwanzo. Pesti kazi yake ni kujaza vinafasi vidogo visivyoonekana kati ya prosesa na bamba la shaba, shaba ndo inayobeba joto, pesti sio. Kwahiyo utando mwembamba unaofunika kioo chote cha prosesa unatosha, nyingi inafurika tu pembeni. Ya zamani ifute yote kwa spiriti kali mpaka uone uso wako, na skrubu za bamba kaza kwa kufuata namba zilizoandikwa pembeni yake, 1, 2, 3, 4, kidogo kidogo kwa zamu, usikaze moja mpaka mwisho.

Sasa kuna kosa naliona sana kwa laptop zenye kadi ya grafiki yake. Pale kwenye memori kuna vile vipedi laini kama bigijii, vina unene maalum, nusu milimita, milimita moja, moja na nusu. Mtu akivichana anaweka pesti badala yake, haifiki, memori inabaki hewani. Au anaweka pedi nene kuliko ya mwanzo, bamba zima linanyanyuka na prosesa haigusi shaba sawasawa. Kama laptop yako ilitoka kwa fundi na sasa ukifungua gemu tu inapanda mpaka 100 ndani ya sekunde kadhaa, sio vumbi hilo, bamba halijakaa. Irudishe na useme hivyohivyo. Na ile pesti ya chuma cha maji wanayoisifia kule YouTube achana nayo, inapitisha umeme, tone moja likiangukia bodi umemaliza, na inakula aluminiamu.

"Feni ikipiga kelele ni mbovu"

Feni ya kuogopa ni iliyo kimya wakati gemu linakimbia. Upepo mkali ni kazi, sauti ya kusagika ndo beringi, basi.

"Iweke kwenye friji kwanza", "weka barafu chini"

Tafadhali usifanye hivi. Ukitoa kitu cha baridi kwenye hewa ya Dar yenye unyevu kinatoka jasho, umeona chupa ya soda mezani, sasa hayo maji yanatengenezeka na ndani juu ya bodi. Feni ya mezani ni sawa, inasaidia kidogo, ila hewa haiwezi kuipoza laptop chini ya joto la hiyo hewa yenyewe. Fikiria hivi, kama gemu linapandisha prosesa nyuzi 66 juu ya joto la chumba, saa tisa mchana chumba kiko 33 uko 99, usiku wa manane chumba kiko 26 uko 92. Ndo maana mtu anakwambia "usiku haizimi" na anadhani ni umeme wa mchana. Meza ya kupoozea yenye feni inapunguza nyuzi chache, na hata vizibo viwili vya soda chini ya upande wa nyuma vinafanya kazi nzuri kwa sababu hewa inapata njia. Godoro na shuka ndo vinaziba kila kitu, hapo hakuna kifaa kitakachokuokoa.

"Ni i7 bwana, lazima ihimili"

Angalia herufi ya mwisho kwenye jina la prosesa. Nyingi za ofisini tunazonunua zina U, prosesa ya wati 15 kwenye boksi jembamba lenye feni moja, na grafiki iko ndani ya prosesa hiyohiyo, yani joto lote linatoka sehemu moja. Zenye H au HQ ni za wati 45 na kwa kawaida zinapewa upoozaji mkubwa zaidi. Kwahiyo i7 ya U haikuundwa kwa saa nne za gemu zito, ila ukiipangia vizuri inacheza. Funga fremu kwenye 60, skrini nyingi hizi ni za 60Hz, zaidi ya hapo ni joto tu ambalo jicho halipati, kuna gemu zinachora mamia ya fremu kwenye menyu tu wakati umeenda kunywa maji. Halafu kwenye Power Options shusha kiwango cha juu cha prosesa kutoka 100 kuwa 99, inaacha ile mbio ya ziada, kwangu joto lilishuka nyuzi zaidi ya 10 na kwenye GTA sikuona tofauti ya maana. Kupunguza volti nako kunasaidia sana, ila baada ya tundu la usalama la Plundervolt kutangazwa 2019 laptop nyingi za Intel zilifungiwa hiyo njia, ukikuta haikubali usihangaike.

"Betri imevimba? toboa hewa itoke"

Hii niliambiwa na mtu mzima kabisa na alikuwa anamaanisha, mwanae alikuwa amekaa pembeni na laptop imeinuka pale pa kuelekezea mshale kiasi kwamba kifuniko hakifungi. Hewa iliyomo sio upepo wa kawaida, ni gesi ya kemikali za betri zilizoharibika, na ukitoboa betri ya lithiamu unagusanisha matabaka ya ndani, inaweza kuwaka moto palepale na moto wake haukupi nafasi. Ukiona pameinuka, au kibodi imebinuka katikati, usicheze, usichaji, zima na uipeleke kwa fundi aitoe. Laptop nyingi zinaendelea kuwaka kwa chaja bila betri, ila uwezo wa gemu unashuka, kwahiyo ukiona imekuwa nzito baada ya hapo usiseme fundi kaiharibu. Na ile betri iliyotolewa usiiache kwenye droo pamoja na skrubu na funguo, na usiitupe kwenye jalala wanapochoma taka, mwachie fundi akupelekee inapopokelewa.