Chai za viungo za Desemba: kabla hujalipia boksi, ligeuze usome nyuma

Kila ikifika katikati ya Novemba simu yangu inaanza kujaa picha. Mtu kasimama supamaketi, kashika boksi jekundu lina nyota na kulungu, ananiuliza dada hii vipi, nichukue au niache? Na mi huwa najibu swali lile lile kila mwaka, nitumie picha ya nyuma. Mbele kumechorwa mdalasini, machungwa, mshumaa, kila kitu kinapendeza, lakini chai yenyewe imeandikwa nyuma kwa herufi ndogo.

Kwa wasionijua, kazi yangu ni kuonja na kuchanganya chai. Nilianzia Mombasa kwa watu wa mnada wa chai, sasa niko Hamburg mwaka wa tisa, na miezi ya kuelekea Krismasi ndo tunafanya kazi kweli kweli maana Wajerumani wana chai zao za msimu, wanaziita Weihnachtstee au Wintertee, na Desemba hapa jua linazama saa kumi jioni, sa mtu akirudi nyumbani giza limeshaingia anataka kitu cha moto chenye harufu. Namwelewa kabisa.

Jambo ninalotaka mlishike ni hili. Vile vipande vizuri unavyoviona ndani ya chai ya sikukuu, vijiti vya mdalasini, lozi zilizokatwa, ganda la chungwa, petali za maua, mara nyingi siyo vyenyewe vinavyotoa ladha unayoisikia. Ladha imekuja na aroma iliyonyunyiziwa, yaani kile kionjo kinachotengenezwa kiwandani. Majani yanaingia kwenye pipa kubwa linalozunguka, aroma inapulizwa humo taratibu, vipande vya viungo vinaingia, vyote vinageuzwa pamoja alafu vinapumzishwa ili harufu ishike. Siyo siri wala siyo wizi, na kuna aroma nzuri sana. Ila ni vizuri ujue unalipia nini.

Ukitaka kuhakikisha fanya hivi nyumbani. Chukua kijiti cha mdalasini, tia kwenye kikombe, mimina maji yanayochemka, subiri dakika 4 kama unavyofanya kwa chai ya kawaida, onja. Ni maji yenye rangi kidogo, basi. Sasa kijiti hicho hicho kiweke kwenye sufuria kichemke dakika 15 na kifuniko juu, hapo ndo utakutana na mdalasini wenyewe, utamu wake na ule mkwaruzo wa nyuma ya koo. Gamba la mti haliachii mafuta yake kwa dakika 4. Kwa hiyo chai ikikupiga harufu kali ya mdalasini pale tu unapofungua paketi, na kwenye kikombe imekolea ndani ya dakika 3, ujue kuna mkono wa aroma.

Na hapo ndo lebo inasaidia. Sheria ya Ulaya ni kwamba kilicho kingi kinaandikwa kwanza, na kiungo kilichotajwa kwenye jina au kuchorwa mbele kwa kawaida kinaandikwa asilimia yake. Unaweza kukuta jina ni mdalasini na chungwa, ukienda nyuma mdalasini ni asilimia 4. Alafu angalia neno la aroma limeandikwaje. Likiwa "natürliches Zimtaroma" maana yake angalau asilimia 95 ya hiyo aroma imetoka kwenye mdalasini wenyewe. Likiwa "natürliches Aroma" tu, imetoka kwenye vitu vya asili lakini si lazima mdalasini. Likiwa "Aroma" peke yake, inaweza kuwa imetengenezwa maabara. Mi binafsi nanunua ya kwanza, ya pili nafikiria, ya tatu naiacha, na hapo naongea kama mtu anayekunywa vikombe vingi kwa siku, ulimi wangu unachoka haraka na harufu isiyo na kina.

Kitu cha pili cha kuangalia ni chai gani iko chini ya hayo manukato, na hapa watu wanakosea sana kwa sababu wanachagua viungo kwanza. Anza na jani. Kama unapenda kutia maziwa unahitaji chai nzito, Assam ya India au ya kwetu Kenya, ile ya punje punje iliyosagwa kwa mashine za CTC, zinazoponda, kuchana na kukunja jani, maana karafuu na iliki vinaifunika kabisa chai nyepesi. Darjeeling, ile chai nyepesi ya milimani India, ukiitia karafuu umepoteza hela, ile harufu yake ya maua imeshazikwa. Chai ya kijani na viungo vizito pia siipendi, ukiizidishia moto inatoa uchungu, ukiipunguzia moto viungo havitoki.

Afu kuna zile nyekundu za matunda, nyingi hazina jani la chai hata moja, ni choya, tufaha, ganda la waridi pori, na viungo. Ndo hizo hizo zinazotumika kwenye masoko ya Krismasi kutengeneza Kinderpunsch, kinywaji cha watoto kisicho na kilevi, wanachanganya na juisi ya tufaha au zabibu, mdalasini na karafuu. Kwa sisi tusiotumia mvinyo ndo mahali petu hapo, unasimama na wenzako kwenye baridi na kikombe cha moto mkononi. Ila usithubutu kutia maziwa, choya ina asidi, maziwa yatakatika papo hapo.

Kwa usiku na kwa watoto nashauri rooibos, majani ya kichaka ambacho si mti wa chai. Inatoka milima ya Cederberg, Afrika Kusini, haina kafeini, na ina utamu wake wa asili unaokaa vizuri na mdalasini na iliki. Tena haiharibiki ukiisahau, iache dakika 10 haitakuwa chungu kama chai nyeusi. Ila ukiona neno "Süßholz" kwenye lebo, huo ni mzizi mtamu unaotumika sana kwenye chai za viungo zisizo na sukari, na mwenye presha asiuzoee, ukinywewa mwingi kila siku unapandisha presha. Mama yangu alipokuja huku kututembelea alikuwa anakunywa chai ya namna hiyo asubuhi na jioni kwa kuwa ni tamu na haina sukari, nilipokuja kusoma lebo nikaibadilisha siku hiyo hiyo.

Mdalasini wenyewe uko wa aina mbili na hili ni muhimu. Kasia ina gamba nene, gumu, limejikunja mkunjo mmoja tu, na ladha yake ni kali. Wa Ceylon, yaani Sri Lanka, ni magamba mengi membamba yamekunjwa pamoja kama sigara, unavunjika kwa vidole, na ni mlaini mdomoni. Kasia ina kumarini nyingi, kemikali ya asili ambayo ikizidi inaweza kuumiza ini kwa baadhi ya watu. Taasisi ya Ujerumani inayopima hatari za vyakula inasema mtu mzima wa kilo 60 asizidishe gramu 2 za kasia kwa siku, na mtoto mdogo wa kilo 15 nusu gramu. Kikombe kimoja hakina shida. Ila kama nyumba nzima mnachemsha sufuria kila siku kuanzia Desemba mpaka Machi, nunueni wa Ceylon.

Sasa karafuu, na hapa mnisamehe nitakaa kidogo. Mi nimezaliwa Pemba. Karafuu inachumwa ikiwa bado kikonyo kina vichwa vilivyofumba, vinaanza kuwa pinki, ikichanua imeshaharibika. Jioni tunakaa barazani kuchambua, karafuu huku makonyo kule, vidole vinanata mpaka unalala navyo vinanukia, asubuhi zinaanikwa juani kwenye jamvi, na bibi alikuwa anazigeuza mwenyewe hamwachii mtu. Kwa hiyo nikikuta kwenye chai ya sikukuu karafuu kavu kama njiti za kiberiti roho inaniuma. Jaribu hivi dukani kama wanauza za kupima. Chukua moja, bonyeza kwa ukucha kwenye shina lake, karafuu hai inatoa mafuta, unaona kabisa ukucha unang'aa na harufu inapanda puani. Isipotoa kitu imeshakamuliwa au imezeeka. Nyumbani tia kadhaa kwenye glasi ya maji, zenye mafuta zinazama au zinasimama wima kichwa juu, zilizokufa zinaelea zimelala. Na ukizipata nzuri punguza idadi, maana ile eujenoli iliyomo, ndo kiini cha mafuta yake, inatia ganzi ulimi, ndo maana bibi zetu walikuwa wanatuwekea kwenye jino linalouma. Nne kwa lita zinatosha, kumi unakunywa dawa ya meno.

Iliki chagua za kijani zilizofumba, zipondeponde uone mbegu ndani, ziwe nyeusi na zinanatanata kidogo. Tangawizi, mbichi na kavu siyo kitu kimoja. Ikikauka ile jinjeroli yake, kitu kinachowasha ndani ya tangawizi, sehemu yake inageuka shogaoli ambayo inawasha zaidi, kwa hiyo kwa baridi ya kuingia mifupani kavu ndo inafanya kazi, mbichi inaleta harufu safi. Mi natia zote mbili.

Ganda la chungwa tumia la chungwa ambalo halijapakwa dawa. Hapa Ujerumani yaliyopakwa huwa yameandikwa kwamba ganda si la kuliwa, soma kwanza. Na ule weupe wa ndani ukwangue, ndo wenye uchungu.

Ninavyopika mwenyewe, lita moja. Maji mililita 700, iliki 6 zilizopondwa, karafuu 4, mdalasini wa Ceylon urefu wa kidole, tangawizi mbichi nusu kidole na kavu kidogo, pilipili manga 5. Funika, moto mdogo, dakika 15. Tia maziwa mililita 300, yakianza kupanda tia gramu 10 za majani ya Kenya, zima moto, funika dakika 3, chuja. Ganda la chungwa kama unalitaka litie kwenye chai ya rangi, isiyo na maziwa, na litie mwishoni kabisa pamoja na majani maana harufu yake inaruka na mvuke. Sukari kila mtu na kikombe chake. Majirani zetu wa Ostfriesland, pwani ya kaskazini magharibi ya Ujerumani, ambao wanakunywa kama lita 300 za chai kwa mtu kwa mwaka, wanaweka bonge la sukari ya mawe kwenye kikombe, wanamimina chai likapasuka kwa sauti, wanadondosha krimu pembeni, na hawakorogi. Niliwaiga nikitumia hii hii chai ya viungo bila maziwa, na imenikaa.

Ndugu zangu wa Berlin, maji yenu yana chokaa nyingi, ndo maana chai yenu inatoa utando juu na inakuwa butu. Tumieni chujio la maji, mtaona tofauti kikombe cha kwanza tu.

Na boksi likifunguliwa liweke kwenye kopo linalobana, mbali na chai yako ya kawaida, maana majani ya chai yanavuta harufu ya jirani, kazini kwetu za viungo zina chumba chao peke yake. Harufu ya chungwa ndo inatangulia kuondoka, karafuu ndo ya mwisho. Ukifika Februari chai imebaki inanukia karafuu tu, usiitupe, tia kipande cha ganda bichi la chungwa kwenye birika inarudi.