Mtoto hatulii, nimeambiwa kuna tiba ya ubongo bila dawa. Ni kweli?

Swali: Hii tiba ya kubandikwa waya kichwani ndo nini hasa?

Inaitwa nyurofidibeki. Mtoto anabandikwa vidude vinavyosoma umeme wa ubongo, vinasoma tu, havimpigi shoti, halafu anakaa mbele ya komputa anaangalia katuni au anacheza gemu, mawimbi ya umakini yakipanda gemu inaenda, akizubaa inasimama, na wanasema ubongo ukizawadiwa hivyo mara nyingi utazoea wenyewe. Ilianzia kwa paka bwana! Miaka ya 1960 Barry Sterman wa chuo kikuu cha UCLA kule California alifundisha paka kuongeza mawimbi fulani, baadaye akawapa kemikali ya mafuta ya roketi na wale waliofundishwa wakachelewa kupata degedege kuliko wenzao. Mwaka 1976 Joel Lubar wa Tennessee akaandika kuhusu kuijaribu kwa mtoto mmoja asiyetulia, hawa tunaosema siku hizi wana ADHD, yaani tatizo la kukosa umakini na utulivu.

Swali: Sasa inasaidia au tunaliwa hela?

Hapa tuelewane. Marekani walichukua watoto 144 wa miaka 7 mpaka 10, wengine wakawekwa kwenye mashine ya kweli, wengine ya kuigiza, gemu inaenda lakini haifuati ubongo wa yule mtoto, na si mzazi si mtoto aliyejua yuko wapi. Matokeo yakatoka 2021: makundi yote mawili yalipata nafuu, nafuu ya kuonekana kabisa, ila tofauti kati yao hakuna. Yaani mtoto anakaa na mtu mzima anayemsikiliza na kumsifia, mzazi naye anapewa ushauri wa usingizi na chakula, anabadilika, halafu sifa zote inapewa mashine. Mwaka 2024 wakajumlisha tafiti 38 za tiba hii, jibu likawa lile lile, kwa wenye ADHD kwa ujumla faida ni kidogo mno. Mimi sisemi ni utapeli, wengine wanaifanya kwa nia njema tu, ila mama usivunje kikoba kwa ajili yake.

Swali: Kwa hiyo bila dawa hakuna kitu?

Kipo, tena kina ushahidi mzuri, tatizo hakina waya wala taa za kumetameta kwa hiyo watu wanakidharau. Ni kumfundisha mzazi. Madaktari wa watoto wa Marekani wanashauri mtoto wa miaka 4 mpaka 6 mwenye ADHD aanze na hili kabla ya dawa yoyote, na WHO wana mafunzo yao kwa wazazi wa watoto wenye usonji au waliochelewa kukua, vikao 9 vya kikundi na mwezeshaji anakuja nyumbani mara 3, na si lazima awe daktari bingwa.

Unafundishwa nini? Usimpigie kelele ukiwa jikoni, mfuate, mshike bega, mwambie kitu kimoja tu, “leta kiatu”, akileta msifie hapo hapo, sio jioni baba akirudi. Homuwek ikatwe vipande vipande, katikati aruke ruke kidogo. Mwalimu amkalishe mbele mbali na dirisha. Na yule ambaye hajaanza kuongea kaa nae chini, cheza anachocheza yeye, taja jina la kitu halafu NYAMAZA umsubiri, wengi tunashindwa hapo kwenye kusubiri. Ubongo wa mtoto unajengwa na kurudia rudia hivi vitu kila siku.

Swali: Na sukari je?

Tafiti hazijaona kwamba sukari ndo inamfanya mtoto asitulie. Mpunguzie kwa ajili ya meno yake.

Swali: Nianzie wapi?

Hospitali, kabla ya kumbatiza mtoto jina la ugonjwa. Masikio yapimwe, macho, na damu maana upungufu wa madini chuma nao unamfanya mtoto azubae. Kama anakoroma usiku inawezekana ni nyama za puani, hapati usingizi wa maana na asubuhi anakuwa mtukutu. Na yule anayeduwaa sekunde chache macho yameganda halafu anaendelea kama hakuna kilichotokea, hiyo inaweza kuwa kifafa, na kifafa kinahitaji dawa, mtu wa mashine akikwambia umwachishe ondoka hapo. Kwa walioko Kenya, ulizieni kituo cha EARC cha karibu, wanapima watoto na kuwaelekeza shule inayowafaa.

Swali: Mama mkwe anasema achapwe tu atanyooka.

Shikamoo yake ipo palepale, ila mtoto asiyeweza kutulia ukimchapa atatulia kwa woga dakika tano, kesho unaanza upya na sasa anakukimbia. Mpe bibi kazi ya kusifia, mabibi wanaiweza sana, amwambie mjukuu “umefanya vizuri” kila anapomaliza kitu kimoja, afanye hivyo wiki mbili halafu mkae muongee tena.