Nyundo ya Thor iliwahi kuibwa, na mwizi hakuhitaji kustahili

Filamu za Marekani zimetuaminisha kwamba Mjölnir, nyundo ya Thor, mungu wa radi wa watu wa kale wa Skandinavia, hainyanyuliwi ila na anayestahili. Hayo ni ya sinema. Katika shairi moja lililomo kwenye hati ya Iceland ya mwaka 1270 hivi, jitu liitwalo Thrym linaiiba Thor akiwa usingizini, linaifukia ardhini, kisha linadai liozeshwe mungu wa kike Freyja ndipo liirudishe. Freyja anakataa katakata. Basi Thor mwenyewe anavishwa shela ajifanye Freyja, mungu mjanja Loki akiwa mpambe wake. Karamuni "bibi harusi" anamaliza ng'ombe mzima na samaki wanane, na kushushia mapipa matatu ya pombe ya asali. Thrym anashtuka. Mpambe anamtuliza: mwali hajala siku nane kwa hamu ya kuja kwako! Nyundo inaletwa kubariki ndoa, inawekwa mapajani mwa mwali, na hapo hapo harusi inageuka msiba.

Nyundo yenyewe ina kasoro. Snorri Sturluson, mwandishi wa Iceland wa karne ya 13, anasimulia kuwa ilipokuwa ikifuliwa, nzi alimng'ata kope kibeti aliyevuta mivukuto, damu ikamwingia jichoni. Akaachia mara moja tu amfukuze, na mpini ukatoka mfupi.

Loki naye si nduguye Thor, kama filamu zinavyodai. Alichanjiana na Odin, baba yake Thor, kwa hiyo kwa hesabu zetu ni baba mdogo. Na nywele za dhahabu za Thor wa sinema? Masimulizi ya Iceland yanataja ndevu nyekundu. Kofia za pembe wanazovishwa Waskandinavia wa kale zilienezwa na mavazi ya opera iliyochezwa Bayreuth, Ujerumani, mwaka 1876.

Kosa kubwa zaidi, kwangu, ni kumfanya Thor mungu wa vita tu. Adam wa Bremen, aliyeandika karne ya 11, anasema katika hekalu la Uppsala, Sweden, Thor ndiye aliyeketi katikati, na watu walimtegemea kwa mvua, upepo na mazao. Mkulima hamwachi mungu wa namna hiyo kwa siku moja, hata Ukristo ukiingia. Huko Denmark imepatikana kalibu ya jiwe ya karne ya 10, ya fundi aliyemimina misalaba na nyundo za Thor kutoka jiwe lile lile. Mteja achague.