Almasi ni ya kweli, sawa, lakini rangi je? Maelezo kwa wanaonunua pete hapa Lubumbashi

Tangu kipwa (kiangazi) ianze na ndoa zijae kila Jumamosi, meza ya ofisi yetu ya kupimia mawe inapokea watu ambao mbele hatukuwa tunawaona sana. Si wanegosia wanaochuuza mawe, si watu wa komptwari, yaani nyumba za kununulia mawe, ni watu wa kawaida tu, mchumba, bibi arusi, mama mkwe na hasira yake, kila mmoja na pete imefungwa ndani ya kikaratasi, na swali ni lilelile: "Papa, hii diama ni ya kweli?" Mara nyingi jibu ni ndiyo, ni ya kweli, na hapo mtu anasimama anataka kwenda, na sisi tunamwambia kaa kwanza, juu swali ulilouliza si lile lililokuleta. Jiwe linaweza kuwa almasi kabisa, limetoka ndani ya udongo, limekatwa vizuri, na ile rangi uliyolipia isiwe yake.

Mama mmoja wa Katuba alikuja na sonara wake, wamefika pamoja lakini hawasemezani. Kijana wa mama yuko Ulaya, alituma pete yenye almasi ya pinki kwa ajili ya mchumba wake aliye hapa, pete ikakataa kuingia kwenye kidole, sonara akaipanua, akapiga moto, kisha akaitia kwenye asidi ya moto kutoa ule weusi kama anavyofanya na pete zote, na jiwe likatoka karibu jeupe. Mama anasema sonara amebadilisha jiwe. Sonara anaapa kwa watoto wake. Tukalitoa jiwe kwenye pete, likapima karati 0.52, uzito uleule ulioandikwa kwenye faktire. Nikalilaza kifudifudi juu ya karatasi nyeupe nikalichungulia na lupe ya mara kumi: upande wa chini, karibu na ukanda, yaani ile duara ya ukingo wa jiwe, vilikuwa vimebaki vipande vidogo vya pinki vyenye kingo zimechanika, kama rangi ya kucha baada ya siku ya kufua. Jiwe ni lile la mwanzo. Kilichoondoka ni ngozi tu, ilikuwa imepakwa.

Nikaomba kuona faktire tena. Imeandikwa «diamant naturel, rose, 0,52 ct», yaani almasi ya asili, pinki, karati 0.52. Sasa hapa tafadhali someni polepole, juu hapa njo watu wengi wanaangukia. Neno «naturel» limekaa karibu na «diamant», halikukaa karibu na rangi. Muuzaji hajadanganya hata herufi moja: almasi ni ya asili, na ni ya pinki, mambo mawili ya kweli yamewekwa jirani, na wewe msomaji ndiye umeyaunganisha kichwani mwako ukalipa bei ya jambo la tatu. Faktire inayosema ukweli wote ingeandika «couleur traitée», rangi iliyotengenezwa, na kama rangi ni ya kuzaliwa ingeandika «couleur naturelle», rangi ya asili, na muuzaji anayekataa kuandika moja kati ya hayo mawili amekwisha kukujibu.

Niseme wazi juu kuna watu wanatoka hapa wanaenda kupiga kelele kwamba ofisi imesema almasi zilizotengenezwa rangi ni za uongo. Hatujasema hivyo. Kuuza almasi ya asili iliyopewa rangi si kosa, ni biashara halali, mawe mengine yanapendeza sana na mtu wa mshahara wa kawaida anaweza kununua bluu ao kijani ambayo ya kuzaliwa angeiona kwenye picha tu. Kosa ni kunyamaza. CIBJO, shirikisho la dunia la biashara ya vito, inataka muuzaji aseme kama jiwe limetengenezwa, na sababu ni franga: pinki ya kuzaliwa imekuwa adimu zaidi tangu mgodi wa Argyle kule Australia ufungwe mwaka 2020, na pinki ya kupewa haiwezi kukaa kwenye bei moja nayo.

Njia za kutoa rangi ziko kadhaa na hazilingani kwa uimara. Kupaka njo ya zamani. Wachuuzi wa kale walikuwa wanaweka wino kidogo wa bluu ao zambarau kwenye ukanda wa jiwe lenye manjano, na jiwe linaonekana jeupe, wanaofua mashati na buluu wanaelewa bila mimi kuendelea. Siku hizi wanapaka utando mwembamba sana kwa mashine, unakaa vizuri zaidi kuliko wino, lakini asidi, moto wa sonara na mikwaruzo vinautoa, kama yule mama alivyoona.

Njia ya pili ni mionzi. Mwaka 1904 mtaalamu wa Uingereza, William Crookes, aliweka almasi ndani ya chumvi za radiamu zikatoka kijani, na mawe yale yakabaki na mionzi yake. (Sisi wa Katanga tukisikia radiamu tunafikiri Shinkolobwe mara moja, lakini ile haikutoka kwetu, Shinkolobwe ilijulikana miaka zaidi ya kumi baadaye.) Leo hawatumii radiamu, wanatumia mashine za kurusha elektroni ao mtambo wa nyuklia, jiwe linakuwa kijani ao bluu, na wakilipasha joto baadaye linaweza kwenda manjano, machungwa, hata pinki. Na hapana, pete hiyo haitakupa kansa, ninaulizwa hili kila wiki. Jiwe lililopita kwenye elektroni kwa kawaida halibaki na mionzi, na lililopita kwenye mtambo linawekwa mpaka mionzi ishuke chini ya kiwango kinachoruhusiwa ndipo liuzwe. Kwa mavazi ya kila siku rangi yake haiondoki. Adui yake ni moto wa sonara: ukimpelekea pete kurekebisha makucha yanayoshika jiwe na hukumwambia, rangi inaweza kugeuka mbele ya macho yake, na utasema yeye njo mwizi.

Ya tatu ni joto kubwa na shinikizo kubwa pamoja, HPHT kama inavyoandikwa kwenye ripoti. Tunasema nyuzi 2,000 hivi, na shinikizo zaidi ya mara 50,000 ya hewa inayotukandamiza hapa chini. Mwaka 1999 General Electric na Lazare Kaplan walitangaza kwamba wanachukua almasi za kahawia wanazifanya nyeupe kwa njia hiyo, na soko likashtuka, juu lupe haioni kitu. Rangi hiyo ni ya kudumu, moto wala asidi haiitoi.

Na hii ya kahawia inatugusa sisi moja kwa moja. Watu wanasikia habari nusu, halafu ndugu anapanda treni ya Mwene-Ditu na mawe yake ya kahawia mfukoni, anafika hapa anataka bei ya jiwe jeupe, eti "banaenda kuyaosha kule Ulaya." Zile zinazogeuka nyeupe ni za aina tunayoita IIa, ambazo ni kama asilimia 1 mpaka 2 ya almasi zote duniani. Kahawia nyingine ikipikwa inatoka manjano ya kijani. Huwezi kujua kwa jicho, komptwari hatakulipa kwa ndoto. Halafu kahawia yenyewe si laana: ile almasi ya Incomparable, iliyookotwa Mbuji-Mayi miaka ya 1980 na msichana mdogo kwenye marundo ya mawe ya taka karibu na mgodi wa MIBA, kampuni ya almasi, ilikuwa na karati 890, na hata baada ya kukatwa ikabaki na 407.48, manjano yenye kahawia, na hakuna aliyesema ni mbaya. Na nawaomba, msijaribu kupika wenyewe. Almasi ni kaboni. Kijana mmoja aliweka jiwe lake kwenye tanuru ya sonara, limerudi na uso mweupe wa ukungu kama chupa iliyosuguliwa na mchanga, juu bila ule shinikizo na ikiwa hewa inaingia, almasi inaanza tu kuungua.

Halafu kuna kale kakalamu ka kupimia almasi, kanakolia "pii". Kanapima jinsi jiwe linavyopitisha joto, basi. Kanatenga almasi na chupa, na muisaniti, jiwe la kutengenezwa linalofanana na almasi, inaweza kukadanganya. Rangi hakaijui. Ukileta jiwe ukaniambia "lakini kalilia," nitakujibu ndiyo mama, kalilia.

Sertifika ya Kimberley nayo. Hii imetuchosha kidogo. Mfumo wa Kimberley ulianza mwaka 2003, nchi yetu imo tangu mwanzo, na unahusu almasi ghafi peke yake, yaani ambayo haijakatwa, ili mawe ya kulipia vita yasiingie sokoni. Jiwe lililo kwenye pete halina Kimberley na haliwezi kuwa nayo, mtu akikuonyesha karatasi hiyo pamoja na pete, mrudishie yote mawili. Na sertifika yenyewe haisemi neno juu ya rangi kutengenezwa: inaandika namba yake ya pekee, nchi, karati, thamani, anayetuma na anayepokea, tarehe ya kutolewa na ya kwisha. Ili ipatikane, mzigo unaletwa CEEC, ofisi ya Serikali ya kukagua na kuthibitisha madini ya thamani, na komptwari mwenye kibali, unatengwa, unapimwa, unathaminiwa, kodi inalipwa, mfuko unafungwa kwa lakiri mbele ya waliopo, na lakiri ikivunjika njiani kazi inaanza tena kutoka mwanzo, hatutazami sura ya mtu. Kreseri, yaani mchimbaji wa mikono, anatakiwa kuwa na karte yake, negosia karte yake, zote ni za mwaka mmoja na ni za Wakongomani, ile ya mwaka jana si karte ni kumbukumbu. Anayenunua ao kuuza bila ruhusa, Sheria ya Madini (Code minier) ya 2002 iliyobadilishwa mwaka 2018 inampa faini, wizi wa madini na kuficha ya wizi vina kifungo, na mawe yanachukuliwa na Serikali. Anayefikiri kuvuka Kasumbalesa na jiwe ghafi kwenye soksi ajue wale wa mpaka nao wana macho. Hata nchi haisamehewi: majirani zetu wa Brazzaville waliondolewa kwenye mfumo mwaka 2004 wakarudishwa 2007.

Turudi kwenye pete. Karatasi inayosema juu ya rangi ni ripoti ya maabara ya vito, kama GIA ya Marekani ao IGI. Kwa mawe ya rangi tafuta mstari wa asili ya rangi, ndipo imeandikwa ni ya asili ao imetengenezwa. Jiwe la HPHT lililopita GIA linachorwa maneno hayo kwa leza kwenye ukanda, unayasoma na lupe. Namba ya ripoti unaiingiza mwenyewe kwenye intaneti, si muuzaji akuingizie kwenye simu yake. Na jiwe lililopakwa GIA hailitolei ripoti ya kupima ubora, kwa hiyo pinki kali, bei ya huruma, ripoti hakuna, wewe jumlisha. Sisi kwa lupe tunaweza kukamata kupakwa, lakini kwa mionzi na HPHT tunakwambia bila aibu kwamba jiwe liende maabara kubwa, kule wanalipoza kwenye naitrojeni iliyogeuzwa kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, wanalimulika na leza ndipo linasema. Ofisi haitoi hukumu kati ya mnunuzi na muuzaji, na haitaji bei kwa simu.

Yule mama nilimweleza yote haya, nusu alisikiliza. Sonara nilimwandikia uzito na hali ya jiwe kwenye karatasi, akaikunja mara nne akaitia mfukoni. Mama akaangalia jiwe, akaangalia kalenda ukutani, akauliza kama tunaweza kulipaka tena pinki mbele ya Jumamosi. Nikamwambia wanaopaka hawako hapa Lubumbashi. Njo mara ya kwanza sonara akacheka, na mama akamgeukia akamuuliza, sasa kupanua pete ni franga ngapi.