Barabara nyeupe ndiyo inayowamaliza

Nimeletewa tena maelezo ya dereva baada ya ajali, na yameanza kama yanavyoanza karibu yote: "Nilikuwa mwendo wa kawaida, barabara ilikuwa nyeupe, ghafla ng'ombe akatokea." Mara hii ni kipande cha kati ya Kibaigwa na Mbande, tambarare, mchana, jua kali, lami kavu. Kazi yangu ni kufundisha madereva wa malori na magari madogo ya kampuni, na tukio likitokea ni mimi ninayekaa na data za VTS, kile kifaa cha kufuatilia mahali na mwendo wa gari. Nimechoka kusoma sentensi hiyo. Ng'ombe wa Kongwa hatembei peke yake kama paka. Anakuja na wenzake, ana mchungaji mwenye fimbo, ana vumbi, na uwanda ule hauna kitu cha kumficha. Kama alitokea ghafla, basi kuna sekunde kadhaa ambazo dereva hakuwa anatazama mbele, au alikuwa anakwenda kwa kasi iliyozimeza sekunde hizo zote. Mara nyingi ni yote mawili kwa pamoja.

Imani ninayotaka kuishughulikia leo ni hii: kwamba hatari iko mjini, penye msongamano, na ukishavuka nguzo ya mwisho ya mji unaweza kukanyaga mafuta, ukashika simu, ukapumua. Wanaosema hivyo si wahuni. Ni madereva wazuri, wengine wana leseni ya miaka mingi na hawajawahi kukwaruza gari Dar es Salaam. Ndiyo maana inaniuma.

Barabara ikiwa nyeupe, maana yake ni kwamba hakuna magari. Watu wapo. Toka Morogoro hadi Singida uangalie pembeni badala ya mbele kama unasafiri kama abiria: punda wenye madumu ya maji, baiskeli yenye magunia ya mkaa inayoyumba kila inaposukumwa na upepo wa semi, watoto wa shule wanaotembea kwenye bega la barabara kwa sababu hawana njia nyingine, bodaboda anayechomoka kwenye kijia cha shamba la mahindi na kuingia lami bila kusimama. Vijiji vyetu vingi vimejipanga kando ya barabara kuu, kwa hiyo barabara kuu ndiyo njia ya kwenda kisimani, shuleni na kanisani. Mjini dereva anatarajia kumkuta mtu wa namna hii. Porini hatarajii, na macho hayaoni vizuri kitu ambacho akili haikingoji.

Sasa hesabu, na nitakwenda haraka. Nachukua gari dogo lenye matairi mazuri, lami kavu, dereva anayechukua sekunde 1.5 tangu aone hadi breki zishike. Kwa kilomita 50 kwa saa linasimama ndani ya mita 35 hivi. Kwa 80, mita 69. Kwa 100, mita 97. Kwa 120, karibu mita 130. Lori lenye mzigo liongezee, matairi yaliyokwisha yaongezee, mvua iongezee zaidi.

Hizo namba kila mwalimu wa udereva anazo ubaoni. Asichokisema ni hiki: pale gari la 80 linaposimama kabisa, gari la 100 lililoanza breki kwa kuona kitu kilekile bado linakwenda kilomita 71 kwa saa. La 120 linapita hapo kwa 105. Mmoja amesimama mbele ya ng'ombe, wa pili anamgonga kwa mwendo wa kuua, na tofauti yao kwenye mshale wa mwendo ilikuwa 20 tu. Mtafiti Msweden Göran Nilsson aliionyesha hali hii kwa takwimu za barabara nzima: wastani wa mwendo ukipanda kwa asilimia 1, ajali zinazoua hupanda kwa takriban asilimia 4. Shirika la Afya Duniani (WHO) linaitumia hesabu hiyo mpaka leo.

Hapa ndipo nataka kukaa, kwa sababu ndipo ninapobishana na madereva kila wiki. Ni neno "nilipunguza".

Dereva ametoka Dodoma, amekaa kwenye 110 kwa muda mrefu, anakuta kibao cha 50. Ananiambia kwa kiapo kwamba alipunguza, na hadanganyi. VTS inaonyesha ameingia kijijini kwa 75. Mwili wake ulishazoea kasi. Ukikaa kwenye mwendo mkubwa kwa muda, macho na masikio yanaacha kuuhesabu, na ukishuka kidogo tu unahisi gari linatambaa. Jambo hili limepimwa maabara tangu zamani, si uvumi wa walimu wa udereva. Kwa hiyo dereva yule kwenye 75 alihisi yuko kwenye 50. Sasa rudi kwenye hesabu: mtoto akivuka mita 35 mbele, gari la 50 linasimama miguuni pake. Gari la 75 linakuwa limemaliza mita 31 kabla breki hazijashika, na linamfikia likiwa bado na 70. Yaani kule "kupunguza" kwake kote hakukumsaidia mtoto kitu.

Ndiyo maana siwaambii madereva "punguza mwendo kijijini". Nawaambia wasome mshale, kwa macho, kabla ya nyumba ya kwanza, na wausome tena katikati ya kijiji kwa sababu mguu unarudi wenyewe. Hisia ya mwendo baada ya saa mbili za barabara iliyonyooka haiaminiki, ya mtu yeyote, hata aliyeendesha miaka 30. Wenye uzoefu ndio wanaobisha zaidi kwenye jambo hili, na ndio hasa wanaoendesha kwa hisia.

Nakiri upande wa pili. Vibao vyetu vya 50 vinatuangusha. Kuna mahali kibao kimesimama kilomita nzima kabla ya nyumba ya kwanza, na mahali pengine kijiji kimekua hadi kimepita kibao cha kumaliza 50, na watoto wanavuka upande ambao kwa mujibu wa kibao hakuna mtu. Dereva akikuta vibao viwili visivyo na maana, cha tatu hakiheshimu. Na tochi ya trafiki ya kupima mwendo nayo imewafundisha madereva kitu ambacho hakikukusudiwa: wapi pa kupunguza. Wanawashiana taa, wanashuka hadi 48, wakishampita trafiki wanafidia. Sisemi tochi ziondolewe. Mahali pasipo na tochi nimeona mwendo wa kutisha zaidi. Ila kila ninapoona mstari wa VTS ukishuka kama shimo kwenye kituo cha ukaguzi na kupanda mara moja upande wa pili, najua dereva huyo ameelewa faini na hajaelewa umbali wa breki. Faini ya shilingi 30,000 analipa na kuondoka.

Tuje kwenye simu. Watu wanaiona kama kosa la pili, tofauti na mwendo: "Mimi simu nashika, lakini sikimbizi," au "Nakimbiza, lakini simu sigusi." Hayo ni makosa yanayozidishana, hayajumlishwi. Umbali unaokwenda bila kuona ni mwendo mara muda wa macho kuwa chini. Sekunde 2 za kusoma jina la anayepiga, kwa 50, ni mita 28. Kwa 100 ni mita 56. Weka zile sekunde 1.5 za kushtuka na kukanyaga, na kwenye 100 umemaliza karibu mita 100 kabla breki hazijashika. Ule umbali wote ambao ungetosha kusimama umeliwa na jina la mtu kwenye kioo cha simu.

Na sekunde 2 ni kwa kumhurumia dereva. Watafiti wa Virginia Tech nchini Marekani walifunga kamera ndani ya malori, wakatoa matokeo mwaka 2009: madereva waliokuwa wakiandika ujumbe walikuwa na macho nje ya barabara kwa sekunde 4.6 katika kila kipande cha sekunde 6. Kwa mwendo wa 100 hizo ni mita 128 za kuendesha kipofu. Hapa kwetu barabara nyeupe ndiyo inayoleta ujumbe huo, kwa sababu mjini mikono ina kazi, na porini mtandao ukirudi baada ya bonde, simu inalia mara kumi mfululizo.

Je, earphone? Vitabu vya mafunzo vinasema kuongea bila kushika simu ni hatari sawasawa na kuishika, na nimefundisha hivyo. Lakini utafiti hausemi kwa sauti moja. David Strayer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Utah walionyesha maabara kwamba anayeongea kwa simu anatazama kitu na asikione, hata mikono ikiwa huru. Ule utafiti wa kamera ndani ya malori, kwa upande mwingine, haukuona hatari ikiongezeka kwa madereva waliokuwa wakiongea tu bila kushika chochote. Ilionekana hata kupungua, na maelezo yanayotolewa ni kwamba mazungumzo yanafukuza usingizi. Mtu yeyote aliyeendesha Itigi hadi Tabora alasiri, jua likiwa limemkalia usoni, anajua usingizi ule. Msimamo wangu ni kwamba bado napiga marufuku kuongea kwa simu ndani ya makazi na kwenye milima kama Kitonga, na kwenye tambarare ndefu napendelea utingo aongee na dereva. Utingo anaona ng'ombe na ananyamaza. Anayepiga kutoka Dar haoni chochote na anaendelea kuuliza.

Kuhusu muda, tusidanganyane: kukimbia kunaokoa muda. Kilomita 100 kwa 100 ni dakika 60, kwa 120 ni dakika 50. Dakika 10 kwenye karatasi. Barabarani zinabaki chache zaidi, kwa sababu matuta, mizani, vijiji na foleni nyuma ya lori linalopanda mlima havijali ulikuja kwa kasi gani.

Usiku, maneno machache. Taa za chini zinakuonyesha mita 50 hivi. Ukiwa kwenye 100 unahitaji mita 97. Lori lililoharibika lina matawi ya miti yaliyotandikwa nyuma yake badala ya pembetatu ya kuakisi, na tawi halirudishi mwanga. Wewe piga hesabu mwenyewe. Mwendo wa usiku kwa taa za chini unapangwa na taa, kibao kiseme kitakavyosema.

Nimalizie na watu ambao hawapo kwenye usukani. Nikichukua orodha ya simu za dereva aliyepata ajali na kuilinganisha na saa ya tukio, mara nyingi jina ninalolikuta si la mke wala la rafiki. Ni la ofisini. "Umefika wapi? Mteja anasubiri. Mbona unachelewa?" Dereva hawezi kutoipokea simu ya bosi, na hamwezi kumtaka aendeshe 80 huku mnamuuliza kila nusu saa kwa nini hajafika. Magari yenu yana VTS. Ukitaka kujua lori liko wapi, fungua ramani, inakuonyesha mahali na mwendo. Kama lazima uongee naye, tuma ujumbe mmoja, "nipigie ukisimama", kisha subiri. Kwenye kampuni ninazozifundisha sasa naomba simu za ofisi zikaguliwe sambamba na VTS: aliyepigiwa gari likiwa kwenye mwendo, jina la aliyempigia linaandikwa kwenye ripoti juu ya jina la dereva. Mameneja wawili watatu wamenikasirikia. Ripoti inaendelea kuandikwa hivyo.